Kwa nini nausifu mchezo wa watoto wa mwaka 1987

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumze kuhusu michezo ya tarakilishi, hasa ile ambayo wengi wetu hatukuicheza kwa sababu ilitengenezwa Marekani kabla hatujazaliwa. Mimi nimeifahamu kwa kupekua. Kuna programu huria iitwayo ScummVM, iliyoanza mwaka 2001, ambayo huwezesha tarakilishi na hata rununu za leo kuendesha michezo ya visa ya zamani. Nimekuwa nikiitumia kwa miaka kadhaa kuchungulia jinsi waliotutangulia katika kazi hii walivyofikiri.

Ninaposema michezo ya visa nina maana ya ile ambapo unamwongoza mhusika ndani ya hadithi: anatembea mahali hadi mahali, anaokota vitu, anaongea na watu, anafumbua mafumbo. Hakuna kupiga risasi wala kushindana kwa kasi ya vidole. Ile yenye picha ilianza na Mystery House ya mwaka 1980, iliyotengenezwa na Roberta Williams na mumewe Ken kwa ajili ya tarakilishi ya Apple II. Picha zake ni mistari mitupu, kama za mtoto aliyepewa chaki. Mwaka 1984 kampuni yao, Sierra, ikatoa King's Quest, na hapo ndipo mhusika alipoanza kutembea ndani ya picha, akipita nyuma ya mti na mbele ya jiwe.

Wapenzi wa michezo hii huwa na orodha zao za michezo bora. Katika orodha hizo, michezo ya watoto hupitwa kama wageni wa heshima wanavyolipita jamvi la watoto arusini. Eti ilirahisishwa. Eti ni ile ile ya wakubwa iliyotolewa meno. Mimi naona waliotengeneza michezo ya watoto kati ya mwaka 1984 na 1992 walikuwa na kazi ngumu kuliko wenzao, na sisi tunaotengeneza programu za watoto leo tumerudi nyuma yao.

Tuanze na kilichorahisishwa. Katika King's Quest ulitembea kwa vitufe vya mishale, lakini kila tendo lingine uliliandika kwa Kiingereza: fungua mlango, chukua karoti, na kadhalika. Ukikosea neno, mchezo hukuambia haukuelewa. Kisha kulikuwa na kufa. Unakufa kwa kuanguka mtaroni, kwa kuliwa, kwa kuzama. Na mafumbo yenyewe! Kuna kibushuti mmoja anayekutaka ubuni jina lake. Jibu ni jina la kile kibushuti cha hadithi ya Kijerumani, Rumpelstiltskin, lakini si kwa kuliandika hivyo wala kwa kuligeuza nyuma mbele. Unatakiwa kuigeuza alfabeti yote, A iwe Z, B iwe Y, kisha uliandike jina kwa alfabeti hiyo. Nani angefikiria?

Kibaya zaidi kilikuwa kukwama bila kujua umekwama. Mfano unaojulikana sana ni King's Quest V ya mwaka 1990. Mapema katika mchezo unapata andazi la krimu. Mhusika akishikwa na njaa, unaweza kumlisha. Saa kadhaa baadaye unakutana na zimwi la milima ya theluji, na dawa pekee ni kulirushia andazi usoni. Ulilila? Basi, mchezo umekwisha, ila hakuna aliyekuambia ulipokuwa unatafuna.

Sasa chukua aina hii ya mchezo umpe mtoto wa miaka mitano ambaye hajajua kusoma. Utaondoa nini, na utabakiza nini? Hilo ndilo swali Sierra walilojiuliza, na inafurahisha kuona walivyolijibu kidogo kidogo.

Jibu la kwanza lilikuwa kwenye michezo waliyotengeneza kwa leseni ya Disney katikati ya miaka ya themanini. Mickey's Space Adventure, iliyobuniwa na Roberta Williams, iliondoa kuandika: maneno yamepangwa chini ya picha, unachagua kitenzi, halafu unachagua nomino. Vizuri, lakini mtoto bado lazima asome, tena asome sana, kwa sababu walitaka pia kumfundisha habari za sayari. Naiona kuwa nzito. Ni mwalimu aliyevaa masikio ya panya.

Winnie the Pooh in the Hundred Acre Wood, kazi ya Al Lowe, ilifika mbali zaidi. Upepo umetawanya vitu vya wanyama wa msituni, nawe unavirudisha kwa wenyewe, kimoja kimoja. Hapo hakuna kufa. Balaa mojawapo ni Tigger, ambaye hutokea bila kualikwa, akakurukia, na ulichobeba kikaangukia kwingine. Ni usumbufu, ndiyo, lakini wa aina ambayo mtoto anaicheka. Al Lowe huyo huyo alitengeneza The Black Cauldron ya mwaka 1986, ambamo sentensi zimeondolewa na vitufe vichache vya F vikachukua nafasi: kimoja cha kutazama, kingine cha kutumia kitu. Lakini mhusika bado anakufa. Kwa hiyo yule mtoto aliyeondolewa mzigo wa kuandika ameachiwa mzigo wa kutupwa chini kila dakika. Nusu ya kazi.

Kisha mwaka 1987 ukaja Mixed-Up Mother Goose, wa Roberta Williams. Huyu ndiye aliyetuletea kibushuti wa alfabeti iliyopinduliwa miaka mitatu tu kabla. Nchi ya mashairi ya watoto imevurugika: Humpty Dumpty hana ngazi, Jack hana kinara cha mshumaa cha kuruka, Mary hana mwanakondoo wake. Mashairi 18 yote yana upungufu. Unachagua mtoto mmoja kati ya wanane wa kumwongoza, unaingia, unatafuta vitu na kuvipeleka kwa wanaovihitaji. Ukifaulu, shairi linachezwa mbele yako, na muziki juu. (Muziki huo, kwenye tarakilishi nyingi za wakati ule, ulitoka kwenye kispika cha ndani kinachoweza kutoa mlio mmoja tu kwa wakati mmoja. Usitarajie taarab.)

Hakuna kuandika sentensi. Hakuna kufa. Hakuna saa inayokukimbiza. Kitu unakichukua kwa kukiendea, na ukishabeba kimoja huwezi kubeba kingine. Na kila ukianza mchezo upya, vitu vimetawanywa mahali tofauti.

Soma tena sheria hiyo ya kubeba kitu kimoja, kwa sababu mchezo mzima umesimama juu yake. Mchezaji wa King's Quest ana mfuko usiojaa. Anaokota kila anachokiona, kisha akifika kwenye tatizo anajaribu kitu baada ya kitu mpaka kimoja kikubali. Huko si kufikiri, ni kujaribu funguo zote za mlinzi. Mtoto wa Mother Goose hana mfuko. Ameshika kinara, mara anaiona ngazi. Hawezi kuichukua. Lazima akumbuke iko wapi, apeleke kinara, arudi. Baada ya nusu saa amejenga ramani kichwani: ngazi iko karibu na nyumba ile, mwanakondoo yuko kule juu. Hakuna aliyemwambia anajifunza. Kwa maoni yangu fumbo hilo ni halisi kuliko la kibushuti, na limepatikana kwa kupunguza, si kwa kuongeza.

Kwa wenzangu waandika programu kuna jambo jingine tamu. Katika mchezo wa kawaida wa visa, vitu vinategemeana: huwezi kupata B bila A, na A inaweza kuliwa au kuvunjika. Idadi ya hali zinazowezekana inaongezeka haraka mno, na mbunifu hawezi kuzipitia zote kwa macho. Ndipo linapoingia andazi. Katika Mother Goose kila kitu kina mwenyewe mmoja, hakiharibiki, na mpangilio wa kuvirudisha haujalishi. Huhitaji kupima mchezo wote ili kujua kwamba unaweza kumalizika kutoka hali yoyote. Unaona kwa kutazama kanuni tu. Old King Cole peke yake ndiye mwenye mahitaji matatu, yaani kiko, bakuli na wapiga fidla wake, na hata hayo hayategemeani. Nikiwa chuoni tulifundishwa kuthibitisha usahihi wa programu kwa alama za mantiki zilizojaza ubao, na sikuwahi kuonyeshwa mfano safi kama huu.

Na yote hayo juu ya injini ile ile ya King's Quest, iliyoitwa AGI. Picha zake hazikuhifadhiwa nukta kwa nukta bali kama maagizo ya kuchora: piga mstari kutoka hapa hadi pale, jaza rangi ya kijani. Rangi 16 tu. Ndiyo maana ulimwengu mzima uliingia kwenye disketi za kilobaiti 360. Hawakujenga chombo kipya kwa ajili ya watoto. Walichukua chombo kilichokuwapo wakaamua nini kisitumike.

Binti wa dada yangu, mwenye miaka mitano, nimemwona akiucheza kwenye kipakatalishi changu. Hakunisumbua kuhusu vitufe hata mara moja baada ya dakika tano za kwanza. Aliponiita ilikuwa kwa jambo jingine: "Mjomba, huyu mfalme anataka nini?" Humpty Dumpty alimjua, na mwanakondoo wa Mary pia, maana chekechea zetu huwaimbisha watoto nyimbo hizo kwa Kiingereza hata kabla hawajajua Kiingereza. Old King Cole hakumjua. Nami nilikuwa simjui vizuri.

Hapo ndipo penye udhaifu wa mchezo huu, na pia siri yake. Roberta Williams aliweza kufuta maagizo yote kwa sababu mtoto wa Marekani alikuja nayo kichwani. Ukijua shairi la Jack, unajua anataka kinara. Maelezo yalikuwa yameshafundishwa na mama, kitandani. Ondoa mashairi hayo na mchezo unageuka kuwa kubahatisha. Kwa hiyo kumpa mtoto wa Kitui au Lamu mchezo huu vile ulivyo ni kumpa kufuli zuri ambalo ufunguo wake umebaki ng'ambo.

Kuutafsiri je? Maneno yatatafsirika, ila kinara hakitamwambia mtu chochote. Lakini kabla hatujafika kwenye utamaduni kuna suala la lugha ambalo naona halizungumzwi. Ile mbinu ya zamani ya kuandika sentensi ilifaa Kiingereza kwa sababu Kiingereza cha kuamrisha ni maneno yasiyobadilika yaliyopangwa foleni. AGI ilikuwa na jedwali la maneno: kila neno na namba yake, yenye maana moja yakipewa namba moja, na vijineno visivyo na uzito vinatupwa. Kitenzi, nomino, basi.

Jaribu hilo kwa Kiswahili. Mchezaji ataandika "chukua ufunguo". Au "uchukue ufunguo". Au "ufunguo uchukue". Au "uchukue" peke yake, kwa sababu ufunguo tumeshautaja. Hiyo u- ya mwanzo ni wewe, au ni ufunguo? Inaweza kuwa yoyote. Kikiwa kikombe inakuwa "kichukue", yakiwa maji "yachukue". Atakwenda mlangoni, si kwenye mlango, na jedwali lako lina neno mlango. Si kazi isiyowezekana, ila utatumia miezi sita kuchambua viambishi kabla hujachora hata mti mmoja. Mtu akikuletea wazo la mchezo wa kuandika kwa Kiswahili, mkaribishe chai kwanza.

Kwa hiyo kile walichokifanya Sierra kwa sababu mtoto hajui kusoma kimetufaa sisi kwa sababu ambayo hawakuifikiria. Mchezo usio na sentensi hauna lugha ya kuupinga. Wengine walifika huko kwa njia zao. Ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, mwaka 1988 walitoa The Manhole, iliyojengwa kwa HyperCard kwenye Macintosh kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Unabonyeza mfuniko wa shimo la barabarani, mmea unachipuka hadi angani, unapanda au unashuka. Hakuna lengo, hakuna kushinda. Ni matembezi tu. Ndugu hao ndio baadaye walitengeneza Myst, ya mwaka 1993. Naye Ron Gilbert, aliyekuwa ameandika makala mwaka 1989 akilalamikia michezo inayoua na kukwamisha watu ovyo, alianzisha Humongous Entertainment na Shelley Day mwaka 1992. Mchezo wao wa kwanza ni Putt-Putt Joins the Parade, gari dogo la zambarau linalotaka kujiunga na gwaride. Injini ni SCUMM, ambayo Gilbert alishiriki kuijenga kwa ajili ya Maniac Mansion ya 1987, ila ile orodha ya vitenzi ya chini ya skrini imetoweka. Kibonyeze kitu, na kitu kitafanya kinachofaa. Gari halina pesa, hivyo linakata nyasi za majirani na kupeleka vyakula majumbani. Mimi naupenda kwa hilo: pesa hazianguki kutoka mawinguni.

Sasa tutazame ya kwetu. Mwaka jana mteja mmoja aliniletea michoro ya programu ya kufundisha watoto Kiswahili kwenye rununu. Picha ya kitu, majibu manne, ukipata unapewa nyota. Ukikosa mara tatu unaonyeshwa tangazo, ndipo uendelee. Nilimuuliza mtoto anafanya nini humo zaidi ya kubahatisha moja kati ya nne. Akasema watoto wanapenda nyota. Tukaachana kwa amani, akapata mwandika programu mwingine.

Ninachokasirikia si nyota. Ni kwamba tumerahisisha kinyumenyume. Sierra waliondoa adhabu wakaacha kufikiri. Sisi tumeondoa kufikiri tukaacha adhabu, kisha tukaiuza adhabu hiyo kwa watangazaji. Kuna wanaosema mtoto bila kushindwa hatajifunza. Sawa, lakini kusubiri tangazo liishe hakujawahi kumfundisha mtu chochote, isipokuwa bei ya sabuni.

Najua mtauliza, basi tufanye nini badala yake. Mimi nimekuwa nikifikiria kitu ambacho kingekaa mahali pa mashairi ya Mother Goose. Hadithi za Sungura na Fisi zilikuwa wazo la kwanza, lakini hazifai sana: Sungura hana kitu kimoja kinachomtambulisha, leo yuko kisimani, kesho shambani kwa watu. Vitendawili ndivyo vinavyofaa. Kila kitendawili kina jibu lake, jibu hilo mara nyingi ni kitu cha kushikika mkononi, na mtoto aliyelelewa na watu wazima wanaoongea naye anavijua vingi. Mzee amekaa chini ya mwembe anatega kuhusu nyumba isiyo na mlango. Mtoto anazunguka kijiji, analiona yai, analibeba, analileta. Kitu kimoja kwa safari moja. Hakuna kinachotegemea kingine, hivyo hakuna kukwama.

Tena Kiswahili kina adhabu yake ya asili ambayo haimuui mtu: ukishindwa, unatoa mji. Mtegaji anaupokea, anajisifu jinsi alivyokaribishwa kwa nderemo huko, kisha anakupa jibu. Mtoto aliyekosa anauona mji wake ukimezwa kwenye ramani, anacheka au ananuna, halafu anaendelea. Mombasa imekwenda, bado ana Nakuru. Sijui mbunifu gani wa California angebuni kitu kizuri hivyo.

Nimeanza, polepole, usiku baada ya kazi. Vitendawili 12, kijiji chenye sehemu tisa, hakuna maandishi yoyote kwenye skrini, kila kitu kwa sauti. Kodi si tatizo, ni kurasa chache tu. Tatizo ni sauti. Nyanya yangu amekubali kurekodiwa, lakini kila nikimwomba atamke "nipe mji" taratibu ili watoto wamsikie vizuri, anakataa kabisa. Anasema mtegaji hangoji.